Volkswagen ya marehemu baba: tairi gani, rimu gani, upepo kiasi gani?

Msomaji wa Lindi ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia Volkswagen 1300 ya mwaka 1971, ile ya mgongo wa kobe, yenye bolti nne kila gurudumu. Ilikaa chini ya mwembe miaka kumi na moja. Injini tumeiamsha, breki zimetengenezwa, sasa tumebaki na miguu. Fundi wangu anasema matairi yaliyopo bado yana kashata (yale meno ya kukanyagia), nitembelee hayo hayo. Mwingine ananishauri ninunue rimu za Premio pamoja na matairi yake ya mtumba, 195/65R15, halafu atapanua matundu ya bolti. Wa tatu anasema nyuma nifunge tairi za Hiace kwa sababu nataka kwenda nalo shambani Nyangao. Tena kwenye kona gari linacheza nyuma, kama linataka kugeuka lenyewe. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na ahsante kwa kutowauzia gari hilo watu wa chuma chakavu. Mimi niko Mtwara, na magari ya namna hiyo nimeyashika tangu nikiwa msaidizi wa kushika tochi.

Katika hao watatu usimfuate hata mmoja. Si kwamba ni mafundi wabaya. Wanajibu maswali ya magari mengine, maana kila siku wanashika Toyota, ambayo injini yake iko mbele. Lako limebebesha injini mgongoni, na hapo ndipo pa kuanzia hata unapochagua tairi.

Nianze na hilo la kucheza nyuma. Gari lako likiwa tupu lina uzito wa kilo mia nane hivi, na karibu asilimia 60 ya uzito huo imekalia magurudumu ya nyuma. Halafu chungulia chini, tazama mhimili unaotoka kwenye gia boksi kwenda kwenye gurudumu. Ukikuta kila upande una mpira mmoja tu wa kuzuia oili, ule wa karibu na gia boksi, basi ni mhimili wa kubembea. Ukikuta mipira miwili kila upande, mmoja huku na mmoja kule, ni ule wa viungo viwili. La kwako, kwa mwaka huo na aina hiyo, natarajia ni la kubembea.

Mhimili wa kubembea una kiungo kimoja tu ndani, kwa hiyo gurudumu haliwezi kupanda na kushuka likiwa wima. Linapiga kama ubawa wa kuku. Ukiingia kwenye kona kwa kasi, au ukaachia mafuta ghafla katikati ya kona, mgongo wa gari unanyanyuka, gurudumu la nje linajikunja kuelekea chini ya gari, linabaki limekanyagia ukingo wake, na nyuma inatoroka. Ndicho unachokisikia.

Waliolitengeneza walilijua hilo, na moja ya dawa zao haikuwa chuma, ilikuwa upepo. Kwa matairi ya zamani, yale ya nyuzi za mshazari, kitabu cha gari kilitaka PSI (kipimo cha upepo) 16 mbele na 24 nyuma. Kwa rediali, yaani matairi ambayo nyuzi zake zinapita moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, 18 mbele na 27 nyuma. Sasa nenda kwa kijana yeyote wa upepo, iwe Lindi au hapa Mtwara, mwambie ajaze. Atakuuliza "thelathini?" na kabla hujajibu zote nne zimeshakula thelathini. Kwa Corolla sawa. Kwa lako, mbele inakuwa ngumu, inashika barabara na kutii usukani upesi, kisha nyuma ndiyo inayoachia kwanza. Unatakiwa uwe na mbele laini inayochoka mapema, ili ukizidisha mwendo usukani uanze kuwa mzito kukubali kona. Hapo dereva yeyote, hata asiye na uzoefu, anapunguza mwendo bila kuambiwa.

Kwa rediali za siku hizi mimi naweka 20 mbele na 28 nyuma, na wakipanda watu wanne na magunia yao nyuma naifikisha 30. Mbele naiacha hapo hapo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukipima Mingoyo saa saba mchana baada ya kutoka Lindi utaikuta imepanda PSI tatu au nne; usiipunguze, hilo ni joto tu na itashuka yenyewe jioni. Nunua geji yako ya mfukoni, usitegemee ya kibandani ambayo imeanguka mara mia.

Sasa matairi yaliyokaa chini ya mwembe. Hapa nitakuwa mkali.

Kashata hazikuambii umri wa mpira. Tairi linazeeka hata likisimama, na likisimama linazeeka vibaya zaidi, kwa sababu dawa zilizomo ndani ya mpira za kuzuia kukauka husambaa vizuri tairi linapofanya kazi. Tafuta ubavuni herufi DOT, fuata msitari huo mpaka mwisho. Ukikuta tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Ukikuta tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, na usiendelee kulichunguza, litoe. Mimi likishavuka miaka sita nalikagua kila mwaka, likifika kumi halipandi barabara ya lami tena hata liwe na vinyweleo vya kiwandani.

Nilijifunza kwa gharama. Miaka hiyo nilikuwa na Volkswagen yangu ya rangi ya maziwa, nikapata matairi manne yaliyokuwa yamehifadhiwa stoo, meusi, yanang'aa, kashata kama jana. Nikajipongeza. Nikatoka Mtwara kwenda Lindi, kilomita mia moja na ushee, jua kali. Nilipokaribia Mingoyo nikasikia kitu kinapiga bati la matagadi nyuma, pa, pa, pa, nikadhani nimekanyaga tawi. Ilikuwa ngozi ya tairi la nyuma kulia inabanduka kama ganda la ndizi. Kabla sijamaliza kufikiri, gari lilikuwa limegeuka linatazama Mtwara, matako yake yameingia kwenye mikorosho. Sikuumia. Aliyekuwa wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe, maana mipasuko midogo ubavuni niliiona, nikaipaka dawa ya kung'arisha.

Kwa hiyo hayo manne yafanye vitanda vya mbuzi au uyafukie nusu kuzuia maua. Kulisogeza gari uani ruhusa, barabarani hapana.

Ukubwa gani ununue? Gari lako lilitoka kiwandani na 5.60-15 au 155R15. Hiyo 5.60-15 ni tairi la nyuzi zinazokatana mshazari, teknolojia ya zamani kabla ya rediali kuenea. (Michelin walisajili rediali yao mwaka 1946, lakini ilichukua miaka mingi magari ya kawaida kuifuata.) Usichanganye aina hizo mbili kwenye mhimili mmoja, na kamwe usiweke rediali mbele na za mshazari nyuma, hasa kwa gari la injini ya nyuma. Ni njia ya uhakika ya kuifanya nyuma itoroke. Ushauri wangu ni rediali zote tano, na ninaposema tano sijakosea hesabu, nitafika huko.

Saizi ya kuagiza ni 165/80R15. Tuisome pamoja. 165 ni upana kwa milimita. 80 ni kwamba ubavu una kimo cha asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 132. 15 ni inchi za rimu, sawa na milimita 381. Jumlisha rimu na mbavu mbili, unapata kimo cha milimita 645. Ile 5.60-15 ya zamani ilikuwa na kama 660. Tofauti ni ndogo, spidi mita haitakudanganya sana. 155/80R15 nayo inafaa, kimo chake 629, lakini kwa barabara ya shamba naipenda 165 kwa sababu inaliinua gari na ubavu wake mnene unameza mashimo. Ukikuta imeandikwa 87 T, hiyo 87 ina maana kila tairi linabeba hadi kilo 545, na T ni mwendo hadi kilomita 190 kwa saa. Gari lako likiwa zima kabisa linagonga 125 hivi, kwa hiyo hata S ya 180 inatosha na kubaki.

Huenda usiipate Lindi mjini, na hapa Mtwara pia dukani utaonyeshwa kila kitu isipokuwa hiyo. Agiza Dar kupitia mwenye duka, lakini mwambie akutumie picha ya DOT kabla ya kulipa. Saizi zisizotembea hukaa rafu ndefu, na "mpya" inaweza kuwa na miaka saba.

Fundi wako wa pili, wa 195/65R15, kwa kimo hajakosea. Piga hesabu ile ile utapata milimita 634, imo ndani. Kosa liko kwenye upana. Rimu yako ya asili ina upana wa inchi 4½. Utaikuta imegongwa kwenye bati, 4½J x 15. Tairi la 195/65 linataka rimu ya inchi 5½ kwenda juu. Ukilikamua kwenye 4½ linajikunja kama mtu mnene kwenye kiti cha bajaji, mbavu zinatoka nje, katikati pananyanyuka, na kwenye kona linayumba juu ya rimu. Na yumba-yumba nyuma ndiyo uliyokuja kuniuliza.

Ndiyo maana akataka na rimu. Hapo sasa tumegombana kabisa.

Matundu ya bolti hupangwa kwenye duara, wauza rimu wanaliita PCD. La kwako ni bolti 4 kwenye duara la milimita 130. Volkswagen za zamani zaidi zina bolti 5 kwenye duara kubwa la milimita 205, ndiyo maana nimefurahi umetaja idadi. Rimu ya Premio ina matundu 5 kwenye duara la milimita 100. Mwanangu, hapo hapanuliwi tundu, hapo anatoboa upya sahani nzima! Na tundu la katikati la rimu hiyo ni milimita 54 na kidogo, kichwa cha habu yako, kile kitovu kinachobeba gurudumu, hakipiti mpaka alikate kwa gesi. Rimu iliyokatwa na kutobolewa kwa macho haikai katikati, inatikisa usukani, halafu siku moja inapasuka kati ya tundu na tundu. IST za toleo la kwanza na Vitz zina bolti nne, atakuletea hizo ukikataa za Premio. Nazo duara lake ni 100. Kataa pia.

Spesa za kubadilisha duara, yaani sahani za chuma zinazofungwa kati ya habu na rimu, zipo madukani. Zinasukuma gurudumu nje kwa milimita ishirini na zaidi, mzigo wa beringi unaongezeka, na tairi la nyuma linaanza kulamba tagadi kila ukipita tuta. Mimi sifungi.

Ukitaka rimu pana kwa ajili ya matairi ya kawaida yanayopatikana, zipo zilizotengenezwa kwa Volkswagen, 4 kwa 130, upana inchi 5½. Kwa hizo 185/65R15 inakaa vizuri. Lakini kimo chake ni milimita 621 tu, kwa hiyo gari linashuka karibu sentimita mbili ukilinganisha na 5.60-15, na spidi mita itasoma 80 wakati kweli unakwenda 75. Kebo ya spidi mita ya gari hilo inaendeshwa na gurudumu moja la mbele, inapita katikati ya habu. Watu wengi hawajui, wanahangaika kuitafuta kwenye gia boksi. Kwa mjini 185/65 sina ugomvi nayo. Kwa Nyangao kipindi cha mvua, ningebaki na rimu za baba.

Na bolti, tafadhali. Bolti ya asili ya Volkswagen inakalia rimu kwa kitako cha mviringo kama nusu ya gololi. Rimu nyingi za dukani zinataka kitako cha koni. Ukifunga bolti ya koni kwenye tundu la mviringo inagusa msitari mwembamba tu. Itakaza, spana italia, na baada ya kilomita hamsini imelegea. Toa bolti moja uishike, pitisha kidole. Ukikuta wamechanganya, na kwenye gari lililopita mikono mingi mara nyingi wamechanganya, tafuta seti nzima ya mviringo. Kaza kwa kuruka, hii halafu ya ng'ambo yake, gurudumu likiwa hewani kwanza kisha likiwa chini. Rudia kukaza ukishatembea kilomita themanini hivi.

Tairi za Hiace sitazitumia maneno mengi. 195R15 ya mzigo ina mbavu ngumu zilizoumbwa kubeba mzigo mzito kwa upepo mwingi. Juu ya gari jepesi itaruka-ruka kama mpira wa kona, kimo chake karibu milimita 690 kitagusa bati, na utakuwa na nyuma ndefu kuliko mbele. Gari la mhimili wa kubembea likisimama juu zaidi, kwenye kona mgongo unanyanyuka kwa urahisi zaidi na yale magurudumu yanajikunja kuingia chini. Ni kulitengenezea gari ugonjwa ambao tayari linao.

Rimu za baba basi. Miaka kumi na moja karibu na bahari si mchezo. Hewa ya Lindi ina chumvi ya kutosha kupikia. Vua vifuniko, sugua kwa brashi ya waya, angalia hasa pale sahani inapoungana na duara la nje. Kutu ya juu juu si neno. Ikiwa bisibisi inazama, rimu hiyo imekufa. Kujua kama imepinda, piga jeki, simamisha kipande cha waya karibu na ukingo, zungusha taratibu. Mwanya ukifunguka na kufunga kwa zaidi ya milimita moja na nusu, ipeleke ikanyooshwe au itafutie mwenzake. Paka rangi ya kuzuia kutu, lakini kwenye makalio ya bolti na uso unaogusana na ngoma ya breki acha chuma kitupu. Rangi nene hapo husagika, na bolti inalegea bila mtu kuigusa.

Funga tyubu. Najua matairi mapya yameandikwa tyublesi, yaani hayahitaji tyubu, na vijana watakucheka. Rimu nyingi za umri huo hazina lile tuta dogo la ndani linalozuia tairi kuchomoka pembeni, na ukingo uliokula kutu unavuja. Chukua tyubu za rediali za saizi 15, bandua karatasi zote zilizogandishwa ndani ya tairi maana zinasugua, mwagia poda. Kwa tyubu usije ukashusha upepo sana ili utembee mchangani kama wanavyofanya wenye magari ya four wheel kule Msimbati. Tairi litateleza juu ya rimu na kung'oa nozeli.

Balansi fanya ukipata mashine ya kuishika rimu hiyo. Ukikosa, funga gurudumu mbele ya gari hilo hilo, linyanyue, hakikisha breki haishiki, lizungushe polepole liache. Upande mzito utashuka chini kila mara. Bandika vipande vidogo vya risasi ya balansi upande wa juu mpaka liache kuchagua. Si sawa na mashine, ila kwa mwendo wa themanini utaridhika.

Na siku za mbele, ukilazimika kubadilisha mawili tu, mapya yaende nyuma. Najua kila mtu atakwambia mbele kwa sababu ya usukani. Kwa gari hili, mbele ikikuponyoka unaweza kuirudisha. Nyuma ikiponyoka, uliza mikorosho ya Mingoyo.

Na lile tairi la tano. Spea yako iko mbele chini ya boneti, na kama mfumo wa asili haujang'olewa utaona mrija mwembamba umetoka kwenye nozeli yake kwenda kwenye chupa ya maji. Ndiyo, maji ya kuoshea kioo yanasukumwa na upepo wa spea, hakuna pampu wala umeme. Ukiweka spea kuukuu inayovuja, kioo hakioshwi. Ijaze 40 na kidogo. Kuna vali inayokata upepo kabla spea haijalegea kiasi cha kutofaa barabarani. Baba yako huenda alikuwa anakuchekesha kwa kuwamwagia watu maji njiani kwa ile kitu. Kagua mrija kwanza, mpira wake huwa umeshakauka, na ukipasuka upepo wa spea unavujia hapo kwenye boneti.